Ndege Ile, Siku Ile

Mtu akiniambia anaunda modeli ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, namuuliza ipi. Akijibu Mk I, yaani toleo la kwanza, namuuliza ya mwezi gani. Wengine hudhani nawatega. Nauliza kwa sababu majibu hayo mawili ndiyo yanayoamua karibu kila kitu kitakachofuata mezani: rangi ya tumbo, umbo la rafadha, kioo cha chumba cha rubani, ukubwa wa duara la taifa ubavuni. Spitfire iliruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936, na hadi uundaji wake unakoma zilikuwa zimetoka zaidi ya 20,000. Katika miaka yote hiyo sidhani kama kuna wiki ambayo zote zilifanana.

Chukua tumbo peke yake. Vita ya Pili ya Dunia ilipoanza, ndege za kivita za Uingereza zilipakwa bawa moja jeusi na jingine jeupe kwa chini, ili walinzi wa ardhini wazitambue kuwa ni za kwao. Juni 1940 ikatoka amri kwamba upande wote wa chini upakwe rangi moja iliyoitwa Sky, kijani kilichopauka sana. Rangi hiyo haikuwa ya kutosha maghalani, na mafundi wa vikosi wakachanganya walichokuwa nacho. Ndiyo maana majira yale ya joto kulikuwa na matumbo ya samawati, ya kijani, na mengine ya katikati. Mwishoni mwa Novemba 1940 bawa la kushoto likarudishiwa weusi kwa chini, na pamoja na hilo kofia ya rafadha na mkanda mpana karibu na mkia vikapakwa Sky. Aprili 1941 weusi ule ukafutwa tena. Agosti 1941 kahawia ya upande wa juu ikaondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na kijivu cha bahari, kwa kuwa mapigano yalikuwa yamehamia juu ya maji na kwenye anga za juu zaidi, ambako rangi ya udongo haikuficha kitu.

Sasa weka mkanda ule wa Sky kwenye Hurricane (ndege nyingine ya kivita ya Uingereza) ya Kikosi namba 303, kikosi cha marubani wa Poland kilichopigana kutoka uwanja wa Northolt tangu mwisho wa Agosti hadi katikati ya Oktoba 1940. Mkanda ni wa kweli. Herufi RF za kikosi ni za kweli. Kahawia na kijani ni za kweli. Vyote pamoja vinakupa ndege ambayo haikuwepo Northolt katika mapigano yale, maana mkanda ulikuja wiki kadhaa baada ya kikosi kuondoka. Kosa la namna hii ndilo ninaloliona mara nyingi zaidi, na mara chache linatokana na uvivu. Mwundaji amekagua kila kipande kimoja kimoja na kukikuta sahihi, ila hakuna aliyemwambia achague siku.

Kwangu mimi hilo ndilo jambo la kwanza na kubwa. Modeli ya ndege ya kivita ni kauli kuhusu chombo kimoja katika siku moja. Kabla gundi haijafunguliwa, nataka kujua namba ya usajili, kikosi, uwanja, na tarehe, au angalau kipindi kifupi ninachoweza kukitetea. Mabishano mengi kati yetu ni ya vivuli vya kijani. Ningependa nusu ya juhudi hiyo iende kwenye tarehe, kwa sababu kijani kilichokosea kidogo kinaweza kuelezwa na jua, uchakavu au pipa la rangi. Tarehe iliyokosewa haielezeki.

Ushahidi wa kwanza ni picha. Sizungumzii picha ya aina ile ya ndege. Nazungumzia ndege ile yenyewe, yenye herufi zile na namba ile. Ikipatikana, inakaa mezani muda wote wa kazi. Lakini picha nyingi za wakati ule ni nyeusi na nyeupe, na asiyejua zilivyopigwa atapotoshwa nazo hata kama amezikodolea macho usiku kucha.

Filamu za zama zile zilikuwa za aina kuu mbili. Filamu ya pankromati hupokea rangi zote, kwa hiyo uzito wa rangi kwenye picha unakaribiana na unavyoonekana kwa jicho. Filamu ya othokromati haipokei nyekundu. Juu yake nyekundu hutoka nyeusi, njano huzama na kuwa nzito, na bluu, ambayo jichoni ni nzito, hupauka. Fikiria duara la ubavuni mwa Spitfire, lile lenye mviringo wa njano kwa nje. Kwenye othokromati mviringo ule huzama ndani ya rangi za kujificha kiasi kwamba mtu mwaminifu kabisa anaweza kuapa haukuwepo. Pua ya njano ya Messerschmitt Bf 109 ya kiangazi cha 1940 inaweza kutoka kama imepakwa rangi ya giza. Rubani wa Kijerumani aliyeruka na pua inayong'aa kama alizeti anabaki, kwenye modeli, na pua ya kijivu, kwa sababu tu ya kemikali iliyokuwa ndani ya kamera.

Njia ya kujilinda ni kutafuta ndani ya picha hiyo hiyo kitu ambacho rangi yake unaijua. Duara la taifa linafaa kuliko vyote, kwa kuwa rangi zake ziliwekwa kwa amri. Nyekundu ya katikati ikiwa nzito mno na bluu ikawa nyepesi, shuku othokromati. Bluu ikiwa nzito kuliko nyekundu, yaelekea ni pankromati. Halafu kumbuka kwamba kichujio cha njano mbele ya lenzi husogeza mizani hiyo tena, na kwamba mtu aliyesafisha picha gizani alikuwa na uhuru wake wa kuikoza au kuipausha. Baada ya hapo ndipo unaweza kuanza kusema lolote kuhusu rangi, na hata hapo kwa tahadhari: rangi mbili tofauti kabisa zinaweza kutoa kijivu kimoja.

Tusiilaumu sana picha kwa lile isiloweza, maana lile inaloliweza ni kubwa. Inakuonyesha mpaka kati ya kijani na kahawia ni mkali au umefifia. Inakuonyesha kioo cha kutazamia nyuma kipo au hakipo, waya wa antena unaanzia wapi, herufi zimepita juu ya mlango au zimekatwa na mlango, tairi lina makunyanzi au ni laini, mfuniko wa injini umeazimwa kutoka ndege nyingine na hivyo mistari ya rangi haikutani. Mambo haya hayapo kwenye karatasi ya maelekezo ya boksi lolote. Ndiyo yanayoifanya ndege kuwa ile na si nyingine.

Alama za taifa zenyewe ni kalenda kwa anayejua kuzisoma. Nyota ya Marekani ilikuwa na kitone chekundu katikati hadi Mei 1942, kilipoondolewa kwa sababu kwenye purukushani ya mapigano kilifanana mno na jua jekundu la Japani. Mwishoni mwa Juni 1943 nyota ikaongezewa pau nyeupe kushoto na kulia, na ukingo mwekundu kuizunguka yote. Wekundu ukazusha hofu ile ile, na katikati ya Agosti 1943 ukingo ukageuzwa kuwa wa bluu. Kwa maandishi, basi, ukingo mwekundu ni wa wiki chache tu za mwaka mmoja. Kwa vitendo mafundi walichelewa kuupaka na walichelewa kuufuta, na baadhi ya vikosi vya Pasifiki havikuutumia kabisa. Kwa hofu hiyo hiyo ndege za Uingereza zilizopigana Burma na India ziliondoa nyekundu kabisa katika maduara yao, zikabaki na bluu na bluu nyepesi. Ukiona Spitfire ya Burma ya 1944 yenye kitone chekundu, mtu amesahau ilipokuwa ikipigana.

Milia ya Normandi inastahili nafasi yake. Siku chache kabla ya tarehe 6 Juni 1944 ilitoka amri, iliyokuwa imetunzwa kwa siri kubwa, kwamba ndege karibu zote za Washirika za kusaidia uvamizi zipakwe milia mitano, mitatu myeupe na miwili myeusi, kwenye mabawa na kiwiliwili. Kwa ndege ya injini moja kila mlia ulitakiwa kuwa na upana wa inchi 18, yaani karibu sentimita 46. Katika skeli ya 1/72, yaani ndege iliyopunguzwa mara 72, hiyo ni milimita 6.35, katika 1/48 ni milimita 9.5. Vipimo hivyo ni vya amri. Kazi yenyewe ilifanywa kwa brashi, usiku na mchana, na watu waliokuwa na mamia ya ndege za kumaliza. Stika za milia zilizonyooka kabisa zinafaa pale tu picha inapoonyesha kikosi kilichopaka kwa utulivu, na vipo. Kwa vingine napaka kwa brashi na kuacha kingo zitetereke, nikifuata picha na si mkono wangu. Tena, wiki chache baadaye milia ya juu ilianza kufutwa na ile ya chini ikaachwa kwa muda, kwa hiyo hata milia ni lazima iulizwe: ni ya siku gani?

Baada ya picha, wengi hukimbilia makumbusho na maonyesho ya ndege za zamani zinazoruka. Nami napenda kuzitazama. Lakini ndege iliyofufuliwa ni ushahidi wa miaka ya 1940 na ni ushahidi wa karakana iliyoifufua, na viwili hivyo vimechanganyika. Ina redio za leo, imepakwa rangi ya leo, na mara nyingi imeng'arishwa kuliko ilivyowahi kuwa kazini.

Hakuna mahali hili linaonekana wazi kama kwenye bawa la P-51 Mustang, ndege ya kivita ya Marekani, na hapa naomba nikae kidogo.

Bawa la Mustang lilibuniwa kwa umbo lililokusudiwa kuufanya upepo upite juu yake kwa utulivu, bila kuvurugika mapema. Umbo kama hilo halivumilii kichwa cha ribiti (msumari unaoshikanisha mabamba) wala ufa wa kiungo. Kwa hiyo kiwandani, sehemu ya mbele ya bawa ilijazwa puti kwenye viungo na ribiti, ikapigwa msasa, ikapakwa rangi ya msingi, kisha bawa likapakwa rangi ya fedha. Kiwiliwili, baada ya jeshi la Marekani kuacha kupaka rangi za kujificha mwanzoni mwa 1944, kilibaki alumini tupu. Mustang ya fedha ya wakati wa vita ilikuwa na ngozi mbili: kiwiliwili cha chuma kinachorudisha mwanga na kuonyesha kila bamba, na mabawa ya rangi, tulivu, yaliyokaribia kutokuwa na mistari. Wamiliki wengi wa leo wameibandua rangi ile na puti ile na kung'arisha bawa hadi lionyeshe uso wako. Anayenakili picha ya leo, akachonga ribiti bawa zima na kulifunika kwa rangi ya kioo, anatengeneza bawa ambalo marubani wa 1944 hawakulijua. Watengenezaji wa modeli nao kwa miaka mingi wamechonga mistari na ribiti hizo kwa bidii kubwa, na jambo la busara kuliko yote ambalo mwundaji anaweza kufanya ni kuchukua puti na kurudia kazi ya kiwanda.

Mustang ina jambo jingine. Milango ya ndani ya magurudumu hujifunga baada ya magurudumu kushuka, na hubaki imefungwa maadamu kuna shinikizo la mafuta kwenye mfumo. Injini ikizimwa na shinikizo likiisha, milango huanguka, na flapi, yaani vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, nazo hushuka. Ndiyo maana picha nyingi za Mustang iliyoegeshwa zinaonyesha milango wazi. Ukiiweka modeli na rubani ndani, rafadha ikizunguka, tayari kuondoka, halafu milango ikawa wazi, umeonyesha mashine inayojipinga yenyewe. Na ukichungulia ndani ya shimo la magurudumu, ukuta wa nyuma ni mhimili mkuu wa bawa uliopita moja kwa moja. Katika modeli nyingi ukuta huo umefuata umbo la mlango, kwa sababu ilikuwa rahisi kumwaga plastiki hivyo.

Mambo haya ya jinsi mashine inavyofanya kazi nayapenda kuliko ya rangi, kwa kuwa hayahitaji picha ya nadra; yanahitaji kufikiri. Spitfire iliyoegeshwa kwa kawaida haina flapi zilizoshuka, kwani rubani alizirudisha mara tu baada ya kutua. Matundu ya bunduki kwenye mabawa yake yalizibwa kwa vitambaa vilivyopakwa rangi nyekundu, ili baridi ya juu isigandishe bunduki. Risasi za kwanza zilivitoboa vitambaa hivyo, na moshi ukaacha weusi chini ya bawa. Vitambaa vizima na weusi mbichi wa baruti haviendi pamoja, labda fundi awe ameziba upya bila kufuta bawa. Usukani ukiachwa huru, vibawa vya mkiani mara nyingi huinama vyote viwili pamoja, ilhali vile vya ncha za mabawa daima huenda kinyume: kimoja juu, kingine chini. Ni kazi ya kisu kidogo na dakika chache, na inaipa ndege uzito ambao rangi haiwezi kuupa.

Kiwanda pia ni swali. Zero, ndege ya kivita ya Japani, ilibuniwa na Mitsubishi, lakini zaidi ya nusu ya zote ziliundwa na Nakajima, na viwanda viwili havikupaka sawasawa. Kwenye zile za kijani juu na kijivu chini, mpaka wa rangi kwenye Zero ya Mitsubishi huenda karibu kunyooka hadi nyuma. Kwenye ya Nakajima hupinda na kupanda kuelekea mkia. Mtu anaweza kuwa na namba sahihi, kikosi sahihi na kijani sahihi, na bado mstari mmoja ukamwambia mtazamaji kwamba ndege imetoka kiwanda kingine.

Kuhusu kijivu cha Zero za mwanzo, zile zilizoshambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, nitapita haraka kwa sababu wino mwingi umeshamwagika. Kwa miaka mingi modeli zake zilipakwa nyeupe au kijivu cheupe. Vipande vya mabaki vilivyochunguzwa baadaye vilionyesha kijivu chenye mguso wa zeituni na kahawia, kilichokuwa na mng'ao kikiwa kipya na kilichopauka kikizeeka. Napaka hivyo. Ila ningemsihi mwundaji asiishie kwenye kijivu akasahau mikanda ya nyuma, iliyoonyesha manowari ya kubebea ndege ambako kila moja ilitoka: mmoja mwekundu kwa Akagi, miwili kwa Kaga, mmoja wa bluu kwa Soryu, miwili kwa Hiryu, mmoja mweupe kwa Shokaku, miwili kwa Zuikaku. Mikanda na herufi za mkiani vilitungwa kama mfumo mmoja. Ukikosea mkanda umehamisha watu meli.

Jambo moja la hesabu, ambalo nadhani lingeondoa nusu ya ubaya wa modeli zetu. Mstari wa kiungo uliochongwa kwa upana wa milimita 0.2 kwenye modeli ya 1/72 ni ufa wa milimita 14.4 kwenye ndege halisi. Kidole cha mtu mzima kinaingia. Ukiujaza rangi nyeusi, umezungushia ndege nzima mitaro. Bawa lenye ukingo wa nyuma wa milimita moja lina unene wa sentimita 7.2 mahali ambapo halisi palikuwa pembamba kama ubao mwepesi. Ndiyo sababu nasugua kingo za nyuma kabla ya kitu kingine chochote, na mistari naikoleza kwa rangi iliyo karibu na ile ya pembeni yake, si kwa nyeusi. Umbali nao una hesabu yake: modeli ya 1/72 ikitazamwa kutoka mita moja ni ndege iliyo mita 72 kutoka kwako. Mwaka 1942 wanafunzi wa Marekani waliombwa kuchonga maelfu kwa maelfu ya modeli za mbao za skeli hiyo hiyo kwa ajili ya kuwafundisha wanajeshi kutambua ndege kwa umbo lake tu. Modeli hizo zilipakwa nyeusi. Umbo lilitosha kumwokoa mtu au kumpoteza.

Uchakavu ndio sehemu ambayo wengi wetu hufurahia mno na kupita kiasi. Hapa pia naanza na chombo: kiliundwa kwa nini, na kiliishi muda gani? De Havilland Mosquito ilikuwa ya mbao, na La-5 ya Usovieti kwa sehemu kubwa ilikuwa ya mbao. Michubuko ya fedha kwenye mabawa yao inafichua alumini isiyokuwepo. Nyuma ya kiwiliwili cha Hurricane palikuwa na kitambaa kilichokazwa na kupakwa dawa hadi kikawa kigumu kama ngoma. Hakichubuki kuwa fedha, na hakibonyei kati ya mbavu kama plastiki nyingi zinavyoonyesha. Kwa upande mwingine, Ki-61 za Kawasaki, ndege za kivita za Japani, zilizopakwa kijani moja kwa moja juu ya alumini zilibanduka vibaya sana, na picha zipo. Kisha umri. Ndege ya kivita iliyopokelewa Agosti 1940 na kuangushwa Septemba haikupata muda wa kupauka. Ilikuwa na matope ya wiki hiyo, mafuta ya wiki hiyo, alama za viatu kwenye shina la bawa, na rangi iliyokuwa bado mpya. Kuichakaza kama iliyokaa miaka miwili jangwani ni kuinyima maisha mafupi iliyoyaishi.

Kuna swali la msalaba uliopinda wa Wanazi mkiani mwa ndege za Kijerumani. Maboksi mengi huuacha nje au huutoa vipande viwili, kwa sababu sheria ya Ujerumani inakataza kuonyesha hadharani alama za chama kile, isipokuwa kwa makusudi kama elimu, sanaa na kueleza historia. Naelewa anayeuacha, na anayeishi chini ya sheria aitii. Kwangu, kwenye modeli inayodai kuwa ndege fulani ya siku fulani, nauweka. Bf 109 iliyofutiwa alama ile inaanza kuonekana kama chombo kizuri cha mchezo wa angani, na haikuwa hivyo. Ilirushwa kwa ajili ya utawala ule, na nataka anayeitazama aone ilirushwa kwa ajili ya nani.

Nyuma ya picha kuna karatasi, nazo zimebadilisha jinsi ninavyofanya kazi hii. Vikosi vya Uingereza viliandika kila siku kitabu cha operesheni: namba ya ndege, jina la rubani, saa ya kuondoka, saa ya kurudi. Vitabu hivyo vimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza na vinasomeka. Unaweza kujua kwamba ndege yenye namba ile iliondoka asubuhi na mtu fulani, ikarudi, mchana ikaondoka na mwingine, na safu ya saa ya kurudi ikaachwa tupu. Wamarekani waliandika ripoti kwa kila ndege iliyopotea na wafanyakazi wake, pamoja na namba za injini na hata namba za bunduki. Nikishasoma karatasi kama hizo sioni tena ni udogo wa moyo kuhangaikia kama ndege ilikuwa na rafadha ya pangaboi tatu au nne. Jina la fundi wa ndege mara nyingi liliandikwa ubavuni chini ya jina la rubani. Alikuwa mtu, na alijua zilikuwa ngapi.

Kwa sababu hiyo kila modeli yangu ina kadi. Upande mmoja naandika ndege, kikosi, uwanja na tarehe. Upande wa pili nagawa mambo matatu: yaliyotoka kwenye picha ya ndege yenyewe, yaliyotoka kwenye amri na nyaraka za wakati ule, na yale niliyoyakisia kutokana na ndege nyingine za kikosi hicho hicho. Sehemu ya tatu haijawahi kuwa tupu, na sitaki iwe tupu kwa kudanganya.

Sasa nina Hawker Typhoon, ndege ya kivita ya Uingereza, ya Juni 1944 mezani. Aina hii ni ngumu kwa mwezi ule, kwa kuwa vikosi vilikuwa na mchanganyiko: nyingine zina rafadha ya pangaboi tatu na mkia mdogo, nyingine nne na mkia mpana ulioazimwa kutoka kwa ndege iliyoifuata, Tempest. Picha niliyo nayo inaonyesha ubavu wa kushoto: pangaboi nne, milia iliyopakwa haraka, na herufi ya mwisho ya kikosi imefunikwa nusu na mlia mweupe kisha ikarudiwa kwa mkono. Mkia mpana unaonekana vizuri. Ubavu wa kulia hauonekani kabisa, na kwenye kadi nimeuandika wote chini ya makisio, pamoja na jinsi herufi zilivyorudiwa huko. Ikitokea picha ya upande huo, nitaubandua na kuupaka upya.